Mkate wa Kumimina wa Jaji Thabit

Mie naitwa Jawaher, na anayetaka kunikatiza anikatize sasa hivi, maana nikishaanza sisimami. Watu wa Azaiba, mtaa wetu hapa Maskati, wanasema bwana wangu kastaafu kwa maradhi. Wengine wanasema kaondoshwa. Kuna mama mmoja alinishika mkono dukani, huko barabara kuu, baina ya magunia ya mchele na sabuni, akanong'ona ati ni kweli jaji alikula rushwa. Nikamwambia, "Naam, alikula. Alikula mkate wa kumimina." Akacheka mpaka mtandio ukamporomoka, akadhani namfanyia mzaha. Nikalipa vitu vyangu nikatoka.

Basi nna haki ya kuieleza mwenyewe, maana mkosa ni mie.

Thabit alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazee wake ana miaka kumi na moja. Walipanga Matrah, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, sokoni kwenyewe. Kiarabu chake kilikuwa cha chuo cha Qurani: akisoma msahafu wote bila kukwama, lakini kuomba maji ya kunywa hawezi. Skuli wakamtia darasa moja na watoto wa miaka saba. Akakaa nyuma, magoti yamemfika kidevuni, wanamcheka asubuhi mpaka adhuhuri. Kuna siku aliadhibiwa kwa kosa la mwenzake, na hakuweza kujitetea kwa sababu hakuelewa anashtakiwa nini. Aliniambia siku ile ndiyo iliyomtia ujaji kichwani. Mie nilimwambia wenzake wakitiwa ukaidi na kisa kama hicho, yeye katiwa vitabu.

Akasoma, akenda kusomea sheria ugenini, akarudi akawa karani wa mahakama, halafu mwendesha mashtaka, halafu jaji. Kiarabu kikawa kazi yake, akakiandika hata wenyewe wakimsifu. Lakini kufikiri, yule mtu anafikiri kwa Kiswahili mpaka leo. Kabla ya kila hukumu akichukua kikadi kidogo na penseli, akiandika jambo moja tu kwa Kiswahili: nani ana haki, na kwa nini. Marehemu mamake hakuwa anajua sheria hata chembe. Thabit akisema, "Kama siwezi kumsomea mama kikadi hiki akanielewa, basi kesi mie mwenyewe sijaielewa." Kikadi kikikaa mfukoni mwa kanzu mpaka hukumu isomwe, halafu akikichana vipande vipande. Sikuwahi kusoma hata kimoja. Mdomo nnao, lakini mkono mrefu sina.

Sasa nije kwenye sahani.

Alipopewa ujaji mara ya mwanzo tulipelekwa mji mdogo, mbali na bahari. Wiki ya pili tu mtu akatuletea kikapu cha tende, akakiacha mlangoni, jina hakusema. Tukala. Tende nzuri hizo, nakumbuka mpaka leo. Siku ya tatu Thabit yuko kitini mahakamani, mshtakiwa kaingizwa, na yule mshtakiwa akamtazama akatabasamu. Tabasamu tu, bwana! Thabit alirudi nyumbani uso umemshuka, akanunua tende pima ile ile, akazibeba mwenyewe mchana kweupe mpaka kwa yule mtu, na mji mzima unamwona. Aliporudi akaniita sebuleni.

"Kuanzia leo," akasema, "sahani ya mtu haiingii nyumba hii. Na yetu haitoki."

"Hata Ramadhani?"

"Ramadhani ndiyo hasa."

Asiyetujua hataelewa nilivyoumia. Sie watu wa Unguja, Ramadhani ni sahani. Ikisha sala ya alasiri milango inagongwa: huyu kaleta kaimati, huyu tambi, huyu muhogo wa nazi, zote zimefunikwa vitambaa. Na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ukikosa kabisa utatia japo tende tatu, japo kipande cha halua. Kumrudishia mtu sahani yake tupu ni kumwambia hapa kwangu usije tena. Hayo hayaandikwi popote, na kila mtoto anayajua.

Nikamwambia, "Kwani huwezi kujitoa kwenye kesi za wanaotuletea?"

"Nchi hii ndogo, Jawaher. Nikila kwa kila mtu, nitajitoa kwenye kila kesi. Wakiniajiri kukaa nyumbani, watamuajiri nani wa kuhukumu? Bora nisile."

Hoja yake nzima, hata ufa haina, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinikera. Mtu akikosea utamgombeza. Yeye alikuwa sawa, na mie nikakaa na vyungu vyangu sina wa kumpelekea. Harusi alikwenda, akashuhudia ndoa, pilau likiletwa keshapanda gari. Msibani alizika, akatoa pole, kahawa hanywi. Harusi ya mtoto wa Nadra, dada yangu wa tumbo moja, alifanya vivyo hivyo, na Nadra akaninunia miezi mitano. Wakasema jaji kavimba kichwa. Wakasema anajiona Mwarabu kuliko Waarabu. Mie nikajibu watu, nikagombana, nikachoka. Miaka thelathini si mchezo.

Miaka kumi na moja nyuma, tuko hapa Azaiba, nyumba ya ubavuni, ukuta kwa ukuta, akahamia bibi mmoja, Bi Sayyida. Mzee wa Unguja, mjane, mwembamba, sauti kama ya msichana. Ramadhani yake ya mwanzo hakuwa anajua khabari zetu. Akapita mlango wa jikoni na sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, kaifunika kitambaa cha kufuma. Bupe akafungua. Bupe ni dada anayenisaidia kazi, mtu wa Tukuyu, tumekaa naye mpaka sasa hatujui nani anamwongoza nani.

"Mama, kuna bibi hapa na chakula. Nimrudishe kama wale wengine?"

Nilikwenda nimrudishe mwenyewe, kwa adabu. Wallahi niya yangu ilikuwa hiyo. Akakifunua kile kitambaa. Mkate wa kumimina, umeumuka, umeiva juu na chini, tui na iliki vinanukia, na mie nimefunga tangu alfajiri, na mara ya mwisho kuletewa sahani nilikuwa sijaota mvi. Nikamtazama Bi Sayyida akanitazama.

"Jirani mwema wewe," akasema. "Nilikuwa nakusikia ukisonya kupitia dirisha, nikajua huyu wa kwetu."

Ningemrudisha vipi mtu huyo? Nikapokea.

Magharibi nikauweka mezani. Thabit akafungua kwa tende na maji, akautazama ule mkate, akaniuliza, "Nani kapika?"

"Mie."

Akanikodolea macho kidogo, si sana. Akakata kipande, akatafuna. Akakata cha pili. Alikula vipande vitatu, yeye ambaye sambusa moja inamshinda. "Umepatia," akasema, akasimama kusali. Kesho yake nikaijaza sahani katlesi, Bupe akairudisha. Ikawa hivyo Ramadhani ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Ramadhani tisa. Bi Sayyida alipokuja kujua mume wangu nani na msimamo wake upi, tulikuwa na miaka miwili tunalishana, akacheka akasema, "Basi mie mwizi wa jikoni," na akaendelea kuja kwa mlango ule ule. Hakuwa na la kutuomba. Na mie nilikuwa na furaha, sitaki kusema uongo juu ya hilo. Mwezi mmoja katika mwaka nilikuwa mtu na watu wangu.

Katika miaka hiyo Thabit akapandishwa, akatiwa kwenye jopo la majaji watano wanaotazama sheria na kanuni kama zinapatana na Sheria ya Msingi, ambayo ndiyo katiba ya nchi. Huko haji mwizi wala mume na mke. Huko inayoshtakiwa ni sheria yenyewe. Ndiyo kazi aliyokuwa akiitamani tangu yuko nyuma ya darasa la watoto, magoti kidevuni. Lakini kesi za kweli ni chache. Miaka mitatu akawa anapokea makaratasi yasiyo na mbele wala nyuma, watu wamekosea fomu, mawakili wanajionyesha. Akirudi nimchokoze, "Leo mmeokoa nani?" na yeye ajibu, "Leo tumeokoa karatasi."

Halafu ikaja kesi moja, akabadilika. Akawa anaamka kabla ya alfajiri, anakaa na vitabu, anazungumza peke yake. Aliniambia kitu kimoja tu: kwamba mkuu wa jopo kampa yeye kuandika hukumu, na kwamba hukumu itasomwa baada ya Idi. Kesi ya nani, ya nini, hakusema, na mie sikuuliza. Nilimwona ana furaha, nikasema alhamdulillahi, kabla hajastaafu kapata alichokitafuta.

Siku mbili kabla ya Ramadhani Bi Sayyida akaja mlango wa jikoni, mikono mitupu.

"Jawaher mwanangu, mwaka huu mkate hautakuja."

"Kwani waumwa?"

"Siumwi. Kesi ya Ruba iko kwa mumeo. Tumejua jana kwa wakili."

Ruba ni mwanawe. Nilikuwa namjua, mwalimu wa skuli, mumewe kafa ajalini akamwachia mabinti wawili na kiwanja huko nyuma ya Al Khoudh, hakijajengwa. Akarudi kukaa kwa mamake, humu ubavuni mwetu. Idara moja, sitaitaja, ilikuwa na kanuni kwamba aliyepewa kiwanja akifa hajajenga, na warithi wakimaliza miaka miwili hawajaanza, kiwanja kinarudi serikalini. Kikarudishwa. Ruba akasema hiki ni urithi wa wanangu na Sheria ya Msingi inaulinda urithi, nyinyi na kanuni yenu nani? Akaipeleka juu mpaka ikafika kwa wale watano. Niliyajua yote hayo kwa Bi Sayyida, kipande kwa kipande, miaka miwili. Ila haikunijia, mjinga mie, kwamba njia ile inaishia kwenye meza ya mume wangu. Na Thabit naye, amesoma jina la Ruba kwenye faili mara mia, hakujua kwamba mtu mwenyewe anaanika nguo zake hatua kumi kutoka dirisha lake. Jirani wa miaka tisa hamjui jina! Ndivyo alivyotaka kuishi.

"Sitaki mtu aje kusema tumemlisha jaji," Bi Sayyida akasema. "Akimpa Ruba, ampe kwa haki yake."

"Lakini miaka yote hii tumekula."

"Iliyopita imepita, hatukuwa na kesi. Wewe nyamaza tu, mwanangu. Mie nimenyamaza."

Alipoondoka nikamtazama Bupe. Bupe akageukia sinki. "Mimi sijaona kitu, mama. Khalas."

Na sahani yake ya mwisho, ile ya ukingo wa buluu, ya mkesha wa Idi ya mwaka uliopita, ilikuwa bado kabatini kwangu. Nilikuwa nimechelewa kuirudisha. Sasa sikuweza tena.

Ramadhani ikaingia. Siku ya mwanzo Thabit akaitazama meza. Siku ya pili akaitazama. Siku ya tatu akauliza, "Mkate mwaka huu hupiki?"

"Nimechoka, mie mtu mzima sasa."

Siku ya tano nikaroweka mchele, nikasaga, nikatia tui, hamira, sukari, iliki, nikafunika nikasoma dua. Ukatoka bapa, juu umeungua, katikati mbichi. Nikauweka mezani hivyo hivyo kwa ushupavu. Akakata kipande akatafuna muda mrefu, akakimeza, kilichobaki akakisogeza pembeni ya sahani. Ningependa angenitukana.

Siku ya kumi, dakika chache kabla ya magharibi, meza iko tayari, akamwambia Bupe atupishe. Akavua miwani.

"Jawaher, nani alikuwa akileta mkate?"

"Mkate upi?"

"Tumeoana miaka thelathini na nane. Mkate wako haujaumuka hata siku moja."

Nilitaka kucheka. Nikauona uso wake, kicheko kikanikauka.

"Ulijua?"

"Tangu kipande cha mwanzo."

"Na ukala?"

"Nikala." Akayasema akitazama tende. "Nilijiambia sikuuliza, basi sijui. Nilikuwa nna hamu na kitu cha mkono wa jirani, Jawaher. Ilinishinda."

Mie machozi yakanitoka hapo hapo. Miaka yote nimemwona jiwe, kumbe mwenzangu alikuwa na njaa ile ile yangu, tunakaa meza moja, hatuambizani.

"Basi endelea kutouliza!" nikamwambia. "Mwezi mmoja tu, Thabit, halafu uliza utakavyo!"

"Mwaka jana ningeweza. Mwaka huu mkate umekatika, na nimekaa siku kumi nafikiri kwa nini. Mtu hakati sahani ya miaka tisa bure. Kama mmegombana ningesikia, wewe ugomvi huufichi. Kama kafa ungelia. Kama kahama ungesema. Basi kakata kwa sababu ana jambo kwangu, na ana adabu. Na mezani kwangu sasa hivi pana kesi moja tu ya mtu. Nani, Jawaher?"

Hapa ndipo ninapopageuza kila siku ya Mungu. Nilikuwa na nafasi. Ningesema alikuwa Nadra dada yangu, mwaka huu kasafiri. Uongo mwepesi, na angeuamini, au angejilazimisha kuuamini, maana na yeye alikuwa akiomba nimdanganye, niliyaona macho yake. Neno moja tu na huenda Ruba angepata kiwanja chake. Lakini nilishamdanganya mtu huyu Ramadhani tisa, na ulimi ukanigomea.

"Bi Sayyida," nikasema. "Nyumba hii ya ubavuni. Mamake Ruba."

Akafunga macho.

Nilimwangukia. Nilimshika magoti, mie Jawaher ambaye sijamwangukia mtu. "Usijitoe! Kama unaona ana haki mpe! Mkate haukubadilisha kitu!"

"Haukubadilisha," akasema. "Lakini ipo siku itajulikana. Kila mjane atakayekuja kuishika hukumu ile ataambiwa imenunuliwa kwa mkate. Si Ruba peke yake, wote. Kesho nnakwenda kwa mkuu wa jopo."

"Na Ruba?"

"Wako wanne, na watamtia wa tano. Wanajua sheria kama mie."

Msikiti ukaadhini. Thabit akala tende tatu akanywa maji, na mie sikumpakulia kitu, ajipakulie mwenyewe.

Akajitoa. Akaandika sababu yote, mkate na miaka yake, hakuficha. Akatiwa jaji mwengine, na mwengine akapewa kuandika. Wiki tatu baada ya Idi ikasomwa: ombi limekataliwa, kanuni inabaki. Sijui kama Thabit angekuwamo ingekuwa vyengine. Simo mahakamani, sijui wanavyoamua. Najua tu kwamba alasiri ile redio ya Bi Sayyida haikusikika, na kesho yake haikusikika, na Ruba alianua nguo kamba nzima zikiwa mbichi akaingia ndani akafunga dirisha la upande wetu.

Miezi mitatu baadaye Thabit akaandika barua ya kustaafu. Watu wakaanza kusema wanayosema. Yeye hakumjibu hata mmoja. Nilimwambia tukaseme, tukajieleze, akanijibu, "Tukaseme nini? Kwamba si rushwa, ni futari?" Akawa anakaa sebuleni na gazeti la jana.

Nilipokuwa natoa nguo zake za kazi kabatini, kanzu nzuri nzima, nitoe sadaka, nikapapasa mifuko. Kikadi. Cha penseli, hakijachanwa, kwa kuwa hukumu yake haikusomwa. Nikakisoma, mara yangu ya mwanzo na ya mwisho. Kimeandikwa: *Mjane ana haki. Alichoachiwa na mumewe hakichukuliwi kwa kanuni.* Nikakirudisha mfukoni. Kanzu ile sikuitoa.

Mwenye nyumba akaitaka nyumba yake, kina Bi Sayyida wakahamia ghorofani Matrah, vyumba viwili, wao wanne. Siku ya kuondoka alipita mlango wa jikoni. Nilikuwa tayari anilaani. Akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwambie mumeo namuombea dua," akasema. "Watu wanaomuogopa Mungu kama yule wamebaki wangapi?" Nikalia mpaka Bupe akaja kunikalisha. Laiti angenipiga kofi.

Bi Sayyida akafa mwezi wa Rajabu mwaka huu. Thabit akenda kuzika, na msibani akakaa, akanywa kahawa vikombe vitatu. Wanaume walimtazama wasiamini. Upande wa wanawake Ruba alipokea pole za kila mtu, na nilipofika mie akainama kurekebisha mkeka.

Ramadhani hii, basi, ndiyo ya mwanzo bila ujaji na bila kesi. Siku ya mwanzo Thabit akasema, kama mtu anayetoa zawadi, "Sasa sahani zinaweza kuingia." Alasiri akavuta kiti akakiweka karibu na mlango. Mlango haukugongwa. Siku ya pili haukugongwa. Ungegongwa na nani? Miaka thelathini tumewafundisha watu wasije, na wahamiaji wapya wanaambiwa na wakongwe, nyumba ile usijisumbue. Niliwaona kwa dirishani wanapita na vitambaa vyao, wanatuvuka, wanakwenda nyumba ya tatu. Kila Bupe akiburura ndara zake ukumbini Thabit ananyanyua kichwa. Siku ya nane akakirudisha kiti mahali pake.

Mie nikaroweka mchele. Nikaunguza, nikaroweka tena. Nikampigia simu Nadra, akanicheka, akanielekeza. Siku ya kumi na nne ukaumuka. Naapa uliumuka, ukajaa chungu, Bupe akapiga kigelegele jikoni. Nikaitoa sahani ya ukingo wa buluu, ambayo nimekaa nayo kama deni, nikaupanga mkate nikaufunika. Thabit akasimama akachukua funguo. "Ntakupeleka mwenyewe," akasema.

Matrah tukafika jua linaelekea kuzama, watu wanakimbilia majumbani, teksi zinapiga honi. Akabaki garini. Nikapanda ngazi za ghorofa tatu, magoti yanalalamika. Ruba akafungua. Kakonda. Binti mmoja alikuwa nyuma yake anapanga vikombe.

"Nimeleta sahani ya mama," nikamwambia. "Nilichelewa."

Akaipokea kwa mikono miwili, adabu kama ya mamake. Akenda nayo jikoni, nami nimesimama mlangoni. Nikasikia mkate unahamishwa, maji yanamwagika. Akarudi. Sahani imeoshwa, imekaushwa, inang'ara. Tupu.

"Hii ni yenu sasa," akasema.

"Ruba mwanangu."

"Mama alikuwa akimuombea. Mie bado siwezi, Bi Jawaher, usinilazimishe." Akaushika mlango. "Miaka tisa kala kwetu na dhamiri yake imelala. Ikaja kuamka kwenye kesi yangu."

Nikaifunika tena sahani kwa kitambaa, nikashuka nimeshika ukuta.

Garini Thabit aliitazama sahani mapajani mwangu, na kitambaa juu yake. "Wametutilia nini?" akauliza, na alikuwa anatabasamu kidogo, masikini ya Mungu. Akakifunua.

Nilimwambia yote aliyoyasema Ruba, neno kwa neno, maana uongo nilishauacha. Aliweka mikono miwili juu ya usukani. Msikiti wa karibu ukaadhini, na sisi hatukuwa tumechukua hata tende.

"Ana haki," akasema.

Maneno mawili. Yalikuwa yasomwe kwenye ukumbi wa mahakama, watu wote wamesimama, Ruba mstari wa mbele na mamake kamshika mkono. Kayasema ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na wa kuyasikia nilikuwa mie tu.